Kichwa cha Treni na Zizi la Jirani

Nakumbuka siku radi ilipopiga mtaa wetu wa Maisaka, mwanangu, enzi hizo nikiwa binti mwenye kiburi kingi na kompyuta moja. Hakuna mtu aliyeumia, na kwa hilo tu ningepaswa kupiga magoti nimshukuru Mungu. Sikushukuru. Nilikaa sakafuni nikalia kama aliyefiwa, kwa sababu ndani ya ile kompyuta iliyoungua mlikuwa na treni ya babu yangu.

Lakini nimeruka mbele. Ndiyo tabia yetu wazee, nivumilie.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mkulima wa Mbulu, ila ujanani alishuka Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Huko akawekwa kuchochea moto kwenye kichwa cha treni ya mvuke, kidogo tu, kilichotengenezwa Ujerumani. Kilikuwa cha aina ile isiyokokota behewa la maji nyuma. Maji yake kilibeba chenyewe, kwenye matangi mawili ya ubavuni. Kilivuta majani ya mkonge kutoka shambani hadi kiwandani. Bibi alikuwa akiwaambia wageni kwamba mzee huyu alikipenda kile chuma kuliko alivyowahi kumpenda yeye, na Babu hakuwahi kubisha.

Alipozeeka akaja kuishi nasi hapa Babati, na macho yakaanza kumwisha. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba nuru iliyokwisha kupotea haitarudi, na iliyobaki itaondoka polepole. Ndipo Babu akaniambia kuna jambo moja analitamani kabla ya giza: kukiona tena kichwa chake cha treni kikitembea. Nilikuwa nimetoka kusoma Arusha, ambako nilijifunza kuchora kwa kompyuta vitu ambavyo mtu anaweza kuvizungusha na kuvitazama pande zote. Nikamwahidi nitamtengenezea.

Mchana nilichapa barua za watu kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Nikirudi nyumbani nilichora, Babu akiwa kando yangu anasimulia, nami natafuta picha mtandaoni za vichwa vya aina hiyo. Nikatengeneza pipa la kuchemshia maji, bomba la moshi, magurudumu, yale matangi, hadi vichwa vya misumari. Kikapendeza kweli. Kilichonishinda ni kukitembeza, maana hilo sikufundishwa.

Pale dukani nilifanya kazi na Salma, binti wa muuza vitambaa wa sokoni. Aliniomba nakala ya mchoro ajifunzie. Nikamnyima. Kisha nikaenda kumsimulia Babu nilivyomkatalia, nikingoja sifa.

"Mchumba," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "unajua kwa nini baba yangu hakuwahi kulaza ng'ombe wake wote zizini kwake?"

Nikasema sijui. Akanieleza kwamba kwao huko juu, mwenye ng'ombe alipeleka wengine kwa rafiki wa kijiji cha mbali. Rafiki aliwalisha, maziwa yakawa yake, na wakizaa vizuri naye alipewa ndama. Ugonjwa ukiingia zizi moja, nyumba haikosi pa kuanzia. Watoto wa marafiki wale walikua wakijuana, hata wakaoana.

"Anayelaza ng'ombe wote zizi moja, watu walimwonea huruma," akamalizia. "Walijua hana rafiki."

Maneno hayo yaliniuma, mwanangu. Nilijitetea kwamba kompyuta si zizi, na Salma anaweza kuwaambia watu kazi ni yake. Zaidi ya hapo, nikasema, mimi ni kama kile kichwa cha treni, maji yangu nabeba mwenyewe. Babu akacheka mpaka akakohoa. Akasema kweli kilibeba maji, lakini hayakupanda tangini yenyewe. Wao vibarua ndio waliyajaza kwa ndoo, jua likiwachoma.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mguu wangu niliupenda. Kesho yake nikampa Salma nakala kwenye flashi, uso wangu kama wa mtu aliyelamba ndimu. Sikumfundisha neno, wala sikumuuliza tena ameifanyia nini. Baadaye akaacha kazi dukani, nikamsahau.

Masika yalipoingia, ndipo radi ikapiga. Fundi aliifungua kompyuta, akatikisa kichwa, akaifunga. Wakati huo Babu alikuwa akitutambua kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Kuanza upya kungechukua muda, na muda ndio hatukuwa nao. Nililia pale sakafuni hadi Babu akapapasa ukuta, akanifikia.

"Yule ng'ombe wa kwa Salma je?" akauliza.

Nilipanda bodaboda hadi kwa kina Salma, Nangara, kwenye matope. Njia nzima niliwaza: amekifuta, na angekuwa na haki. Mama Salma alikuwa mlangoni. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha chai. Salma alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikumbusha ule uso wa ndimu. Akawasha kompyuta ya kaka yake.

"Kipo," akasema. "Ila nimekichezea kidogo, usinikasirikie."

Akabonyeza. Mwanangu, kikatembea! Magurudumu yakazunguka, vyuma vya ubavuni vikaenda na kurudi, moshi ukatoka juu, na honi ikalia. Salma alikuwa amejifunza peke yake lile lililonishinda. Nikalia mara ya pili siku hiyo, lakini kilio hiki kilinipunguzia mzigo kifuani, nikapumua kama mtu aliyetua ndoo. Waliosema baada ya dhiki faraja hawakukosea.

Tuliipakia kompyuta kwenye bajaji, tumeifunika kanga mbili, hadi Maisaka. Babu akasogeza uso karibu kabisa na kioo. Treni ikaja. Mikono yake ikaanza kwenda, inaokota na kutupa, inaokota na kutupa, kama anachochea moto kwa kuni. Ilipopita akauliza, "Nani amekitembeza?"

Ningeweza kukaa kimya. Nikasema ni Salma.

"Basi ng'ombe amerudi na ndama," akasema Babu, akapapasa mpaka akaupata mkono wa Salma. "Na ndama ni wa aliyemlisha."

Chini ya ile treni tuliandika majina yetu mawili. Babu aliitazama kila jioni mpaka macho yalipozima kabisa, kisha akawa anaisikiliza. Na lile duka la michoro unaloliona pale sokoni, langu na Salma, lilianzia kwenye ndama yule.

Sasa nakuambia wazi, mwanangu, usije ukasema bibi alikusimulia hadithi ya radi. Ujuzi wako usiufungie ndani ukadhani unaulinda. Mpe mwenzako aulishe, hata kama mkono unasita. Wangu ulisita sana, na Mungu alipokea hivyohivyo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na ukirudi umezaa, usimnyime mlishaji haki yake, taja jina lake mbele ya watu.

Mungu akupe macho ya kuona ulichokipenda kabla ya giza. Akuepushe na radi, na ikipiga, ikukute una zizi la pili. Rafiki yako awe na mlango ulio wazi siku utakayofika na matope miguuni.