Miale ya Timboroa

Katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, hatukuhitaji chuo kikuu, kwa sababu tulikuwa na Joash. Mchana alikuwa mtu wa gengi la matengenezo, akikaza misumari ya reli, lakini hiyo aliifanya ili asife njaa tu. Kazi yake hasa ilikuwa kutueleza mbingu. Elimu aliipata kwenye magazeti ya Kizungu ambayo wauza omena walifungia samaki, na pale karatasi ilipochanika, Joash alimalizia mwenyewe bila kusitasita.

Aprili 1957, nyota yenye mkia ilipotokea jioni upande wa Rongai, alipanda juu ya pipa la maji akatutangazia kwamba mkia wa nyota ya namna hiyo siku zote hulikimbia jua, maana mwanga una nguvu ya kusukuma. Kimutai muuza mkaa akamuuliza mbona basi haujamsukuma yeye kutoka kwenye pipa. Siku chache baadaye nyota ile ile ikatoa mkia mwingine, mwembamba, ukielekea jua. Tulimwita profesa wetu aje aone. Aliutazama, akakohoa, akasema nyota imekosea.

Mwezi wa Juni wakubwa wa reli walimpandisha cheo. Walimtaka awe nyapara wa gengi kule Timboroa, juu kabisa njia ya reli inapopanda milima, na wampe nyumba ya vyumba viwili. Mtu mwingine angechinja kuku. Joash alikataa, tena kwa sababu za kisayansi. Alisema kuna miale itokayo mbali kupita jua, haionekani, inapenya mabati, mawe na mifupa, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo inavyozidi. Kuishi Nakuru tayari kulikuwa kujihatarisha. Timboroa ilikuwa kujiua. Kiptanui, aliyezaliwa huko juu na mwenye kifua kipana kama mlango wa ghala, alimsikiliza kwa huruma kubwa. Wakubwa wakampa Joash hadi Jumatatu aamue.

Tulimcheka, ingawa tulijua jambo lisilochekesha. Miaka michache nyuma Joash na mkewe Nasimiyu waliishi Timboroa, na mtoto wao wa pekee, Namalwa, alikufa huko kwa homa ya mapafu, akazikwa huko huko. Tangu wahamie Nakuru, Nasimiyu hakuwahi kuliona kaburi tena. Ile nyumba aliitaka kwa sababu hiyo, wala si kwa vyumba vyake.

Jumamosi walibishana bombani mbele yetu sote.

"Mama Namalwa, wewe huelewi," Joash alisema. "Hiyo miale ndiyo iliingia kwa kifua ya mtoto. Inapita mabati, inapita blanketi. Hata daktari wa Mzungu angefanya nini?"

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoelewa nadharia ile ilikuwa inamfanyia kazi gani.

Nasimiyu akatua debe lake. "Baba Namalwa, ile asubuhi treni ya kushuka Nakuru ilisimama hapo stesheni. Nilikwambia tumpeleke hospitali. Ukasema lazima nyapara akupe ruhusa. Nyapara akasema kazi kwanza, na wewe ukarudi kwa reli. Miale haikusema kitu."

Joash aliyatazama maji ya bomba yakimwagika. Nilimwonea huruma mpaka nikajikasirikia kwa yale yote niliyomcheka.

"Sijakuja kukulaumu," mkewe akaendelea. "Lakini huko juu kuna watoto ya watu. Wakiugua, baba yao ataenda kuomba nyapara ruhusa. Mimi nataka wakuombe wewe."

Jumatatu walipanda treni na godoro lao na jembe. Muda si muda malalamiko ya wakubwa yakatufikia: nyapara mpya wa Timboroa ni hasara tupu, anaruhusu watu waende kwa kikohozi chochote cha mtoto, na gengi lake ndilo linalochelewa kuliko magengi yote. Kisha siku moja ya mvua nikamwona mwenyewe akishuka kwenye treni hapa Nakuru, amembeba mtoto wa mfanyakazi wake ndani ya koti. Nilimuuliza nani kamruhusu kuacha kazi. Alinipita akikimbia kuelekea hospitali.