Mayowe Yangu Kilimani

Mume wangu alipozikwa nililia kimya, na wifi yangu hajanisamehe. "Mke gani hapigi mayowe?" huniuliza.

Juzi, na miaka yangu sitini, niliamua kujifunza kuendesha baiskeli ya milimani ya marehemu. Nilivaa suruali yake, nikapanda kilima ili nisionekane. Mteremko uliponichukua, sikukumbuka breki ziko wapi. Nilipiga mayowe mpaka nikatumbukia kwenye miwa.

Wanawake waliokuwa wakilima jirani walitupa majembe, wakaja mbio wakiomboleza, wifi mbele.

"Lia, Mama Ayuma!" alisema akinikumbatia. "Leo umemlilia ndugu yangu!"

Nilitamani kunyamaza tu. Lakini gurudumu lilikuwa bado linazunguka juu ya miguu yangu, naye akaanza kuitazama ile suruali.

"Wifi," nikasema, "nilikuwa nalilia breki."