Bi Mashavu Afundisha Kula na Mgonjwa

Saa tano asubuhi. Katika wodi ya wanawake ya hospitali ya wagonjwa wa akili, nje kidogo ya Mji wa Unguja, Bi Mashavu Kificho anafungua daftari la chakula. Bi Mwanapili, mgonjwa kutoka Mangapwani, hajatia kitu kinywani kwa siku tatu. Kila mlo, mwanafunzi Sichana ameandika: amekataa.

Daktari ameshasema kwamba asipokula adhuhuri hii, atalishwa kwa mpira wa puani. Kwa kazi hiyo mgonjwa hufungwa mikono, na Bi Mashavu hapendi hata kuiona.

Ameuguza hapa miaka ishirini na miwili. Mwaka huu wa 1957 amekabidhiwa wasichana watatu awafundishe uuguzi, na wagonjwa wake arubaini wako palepale. Kusoma alianzia chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu. Hizi za Kizungu za daftari amezipata ukubwani, kwa taabu.

Hamgombezi Sichana. Anamuuliza tu chakula alikipeleka vipi. Sichana anaeleza kwamba aliweka sahani sakafuni, akasimama mlangoni kutazama.

"Na kwenu mgeni mnampa chakula hivyo?"

Sichana anakiri kwamba anaogopa: nyumbani wamemwonya kuwa anayekula sahani moja na mwenye wazimu, wazimu humhamia. Bi Mashavu anamjibu kwamba yeye amekula nao tangu Sichana hajazaliwa, basi amtazame vizuri aone kasoro iko wapi. Kisha anampa mkeka, birika, bakuli la kunawia na sahani moja ya wali na samaki, ya watu wawili. Mwenyewe anabaki nje. Akiingia yeye, mgonjwa atakula na mwanafunzi hatajifunza lolote.

Sichana anatandika, anaketi, ananawa, anakaribisha. Bi Mwanapili anaitazama mikono yake iliyolowa.

"Siku hizi mdogo ndo anaanza kunawa?"

Ni maneno yake ya kwanza tangu Jumatatu. Sichana anamwomba radhi na kummiminia maji. Bi Mwanapili ananawa, anafinya tonge. Wanakula mpaka sahani inabaki miba.

Adhuhuri daktari anasoma daftari, anaagiza mpira urudishwe kabatini.

Bi Mashavu anastaafu mwakani. Wakubwa wanataka kuleta mwalimu mwenye cheti. Yeye anaomba wodi hii aachiwe Sichana.

"Mie mwenyewe nnazeeka, na akili yangu sijui itanifikisha wapi," anawaambia. "Nkiletwa hapa siku moja, nnataka nimkute mtu wa kula na mie."