Njia Aliyoiona Yoeli

Hebu mwone, ndugu msomaji, akishuka kwenye lori pale Makambako, mwaka wa arobaini na saba, asubuhi ukungu haujaondoka. Koti la jeshi linampwaya. Kwapani kabana ubao uliofungwa kwa shuka, kwa uangalifu kama wa mtu aliyebeba mayai. Ndiye Gideoni, seremala wa Njombe, na hii ni safari yake ya tano kwa Mama Tabea.

Mwana wa Tabea, Yoeli, alikuwa rafiki yake vitani, huko Bama, ng'ambo ya bahari. Karani mmoja Mhindi aliwafundisha sataranji, mchezo wa kumfunga mfalme ubaoni, nao wakachonga kete zao kwa mianzi. Siku ya mwisho Gideoni alibakiza hatua moja tu amfunge mfalme wa mwenzake. Zamu ilikuwa ya Yoeli. Mara akaitwa doria. Akainuka akicheka: "Usiguse kitu. Njia nimeiona."

Hakurudi. Hata mwili haukupatikana.

Tangu hapo Mama Tabea hajavua kaniki, nguo nyeusi ya msiba. Wazee walipotaka kuondoa matanga aliwajibu, "Sina kaburi. Nina neno lake moja tu, hilo la njia, na sijui kama lilikuwa la kweli. Mwanangu nyie mnamjua, hata kwenye bao alikuwa akiiba kete."

"Kamwene, mama," alisema Gideoni mlangoni.

"Kamwene, mwanangu. Umeleta tena vinyago vyenu? Kaa, viazi vimeiva."

Hakula. Aliufungua ubao mkekani, akapanga kete kama zilivyoachwa siku ile.

"Nimeipata, mama. Tazama. Malkia wa Yoeli akimtisha mfalme wangu kutoka hapa, mfalme anakimbilia pembeni. Malkia akihamia huku, anamtisha tena, naye hana pa kwenda ila kurudi alikotoka. Basi ni hivyo hivyo, huku na huku. Nami sipati nafasi ya kumfunga."

"Kwa hiyo alishinda?"

"Hakushinda. Ila hakushindwa. Njia aliiona kweli."

Tabea aliikung'uta kaniki magotini, ingawa haikuwa na vumbi.

"Na huko kukimbizana kunaishaje?"

"Wachezaji wanakubaliana yatosha. Wanapeana mikono, kete zinarudi mfukoni."

"Basi nipe mkono," akasema mama, akaunyoosha wake. "Niko mahali pa Yoeli. Jumapili wazee waje, nivue hii nguo."

Gideoni aliutazama mkono ule, umekakamaa kwa jembe, kidole gumba kimepinda kama cha Yoeli. Mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa vitani; Makambako ndipo mahali pekee anapoitwa mwanangu. Na miaka mitatu sasa, kila alipozipanga kete zile, zamu ilikuwa bado ya Yoeli.

Mkono wa mama bado umenyooshwa; akiupokea, mchezo umekwisha, na sababu ya safari hizi nayo. Ungekuwa wewe, msomaji wangu, ungeupokea?