Unga wa Kushika Ugali

"Ni kidogo tu, madam," msimamizi wa hoteli aliniambia, na hapo uvumilivu wangu ukaisha.

Nilikuwa nimesimama jikoni mwake, mtoto mgongoni, mkono mmoja ukutani ndio nisianguke. Tangu juzi jioni nilikuwa natapika na kuharisha. Mezani kulikuwa na ndoo ya unga wa wimbi, na kando yake bakuli la unga mweupe lililofunikwa kwa sahani. Mpishi alikuwa amenionyesha mwenyewe, bila kuficha, maana hakuona kitu cha kuficha. Huu ni wimbi. Huu ni ngano, ya kushika.

"Kidogo gani?" nikamuuliza msimamizi.

"Kiganja tu. Haiwezi kuua mtu mkubwa. Na kama maziwa imepungua, si mtoto umpee ya ng'ombe? Iko."

"Basi nikuletee sumu ya panya uweke kwa chai. Kidogo tu. Kiganja."

Mtu mmoja aliyekuwa akinywa chai upande ule mwingine wa dirisha alicheka, kisha akaniona uso, akarudi kwa chai yake. Nikabeba bakuli, nikamwaga ule unga kwenye sinki, nikafungua mfereji. Ukawa uji, ukaziba shimo, maji yakaanza kupanda polepole, meupe, yametulia. Niliyaangalia kama mtu aliyelala macho wazi. Msimamizi alikuwa anapiga kelele lakini sauti yake ilinifikia kutoka mbali, kama redio ya jirani.

Mimi ni mtoto wa Kitale. Wazazi wangu ni watu waliotoka upande wa kati wa nchi wakaja kulima Trans-Nzoia, na kwetu mgeni akiondoka bila chapati ataenda kutusema. Nimekula chapati nikiwa na meno mawili. Nimekula pia maumivu ya tumbo miaka yote hiyo nikidhani kila mtu anaumwa hivyo, ila wengine hawalalamiki. Nikaja kushika mimba, nikakonda badala ya kunenepa, mpaka wauguzi wakawa wananiuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna chakula. Hatimaye daktari mmoja akanipima damu, akaniingiza kamera tumboni, akaniambia nina ugonjwa unaoitwa siliaki. Ndani ya ngano na shayiri kuna kitu kinaitwa gluteni. Kikiingia kwangu, mwili wangu unapigana na matumbo yake wenyewe. Hakuna dawa. Dawa ni kutokula ngano, hata chembe, mpaka kufa.

Mama yangu aliposikia alisema, "Ati ngano? Wewe? Si basi pia uache kupumua."

Shangazi akaongeza, "Ni ule ugonjwa wa kujiona umeolewa na mwalimu."

Tangu hapo natembea na chakula changu. Arusini nakaa na kikopo changu cha viazi vitamu, watu wote wamejaziwa sahani, na mimi nafungua mfuniko polepole usilie. Nimezoea. Lakini kuzoea kitu hakumaanishi hukichukii.

Kwa hiyo mume wangu aliposema ana semina karibu na Kibabii, na hoteli ya mjini Bungoma imeshalipiwa, akaniambia, "Twende wote. Ukae kitandani upikiwe," lile neno la mwisho lilinizunguka kichwani siku nyingi. Upikiwe. Nilikuwa nakamua nguo za mtoto, nalisikia. Tangu nijifungue, miezi mitano, hakuna mkono mwingine ulionipikia. Niliota nimekaa, sahani inakuja yenyewe, inaelea, inatua mbele yangu, na siulizi kitu.

Bungoma ilitupokea saa ile kabla ya mvua, mawingu yameshuka kutoka mlimani na mji wote umekuwa rangi ya chungu. Mume wangu alienda kujiandikisha kwa semina, nami nikazunguka na mtoto. Reli ilikuwa imelala kwenye nyasi kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Baiskeli zilipita zimebeba ndizi, polepole, kama zinaogelea. Sokoni wimbi ulikuwa umemwagwa kwenye magunia, mwekundu wa tofali, na mama mmoja aliuteka kwa mikono miwili akauacha ushuke, akauteka tena, bila sababu, labda kwa utamu wa kuusikia tu. Nilisimama pale mpaka mtoto akalala. Sikuwa na haraka na mtu. Ilikuwa muda mrefu sijakuwa mtu asiye na haraka.

Msiniambie sikuuliza. Nilimwambia msimamizi pale mapokezi, akasema, "Hakuna shida, madam," bila kuinua macho kwa simu. Sikumwamini, nikaenda jikoni mwenyewe. Mpishi alikuwa mama mtu mzima, kitambaa kichwani, mikono yake imeiva kwa moshi.

"Mulembe, mayi," akanisalimia. Mayi ni mama, kwa lugha ya kwao. Aliniita mama na mimi naweza kuwa binti yake wa mwisho.

"Mama, mimi sili ngano. Hata kidogo. Nikila nagonjeka, na huyu bado ananyonya. Nikiharisha maziwa inakauka."

"Woi! Basi chapati sikupei. Mandazi sikupei. Mkate, hapana."

"Na mchuzi usiweke unga."

"Mchuzi ya kuku na unga? Hiyo ni wizi, si mapishi." Akacheka, akamshika mtoto shavu. "Mimi nitakupikia ugali ya wimbi, ile ya nyumbani. Utakula mpaka huyu anone."

Ningemuuliza nini zaidi?

Ugali ulikuja mchana ule, na ukaja tena jioni. Ulikuwa mweusi unaong'aa, umefinyangwa ukawa kama jiwe la mto, na mvuke wake ulinukia jiko la bibi yangu, mahali ambapo sijakanyaga tangu niwe msichana. Kuku wa kienyeji, kunde zilizolala kwenye maziwa. Nilimega tonge, nikatia dole gumba nikatengeneza kijiko, nikachota mchuzi, na tonge halikuvunjika. Lilinyumbuka. Lilikaa mkononi kama kitu hai kinachoniamini. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati, ndani kila kitu kimekuwa cha dhahabu kidogo, na mtoto alikuwa ananyonya mimi nikila, na nilifikiri: hivi ndivyo watu wengine wanavyoishi.

"Leo unakula kama mtu ametoka kupalilia," mume wangu akanitania.

"Wacha nile, bana."

"Si nimekuacha? Nimekuhesabia matonge tu."

Mvua ikiwa bado haijaisha, tumbo likanishika.

Siku iliyofuata sina hakika niliishi yote. Mume wangu aliniwekea maji na chumvi na sukari, akasita mlangoni, akaenda semina. Nililala nikiangalia dari, na dari ilikuwa nyeupe, na ule weupe ulikuwa unashuka kama unga unaochekechwa na mtu nisiyemwona. Nilisikia chapati zikigeuzwa kwenye kikaango, chumba chote kikaanza kugeuka nazo. Mama yangu alikuwa hapo anasukuma duara moja kubwa, linapanuka, linanifunika miguu, magoti, kifua, laini, vuguvugu. Sikuogopa. Hicho ndicho kinachonitisha sasa nikikumbuka, kwamba sikuogopa.

Kilio cha mtoto kilinirudisha. Alikuwa ameshika titi, anavuta, anaachilia, ananiangalia, anavuta tena. Hakuna. Nikambadilisha upande. Hakuna. Mara ya mwisho nilipokula ngano bila kujua, alikuwa mchanga zaidi, na ilichukua muda mrefu maziwa kurudi. Alipungua kilo, hata wauguzi wakaanza tena na zile sauti zao za chini. Pale kitandani nilimwona akipungua kabla hajapungua. Nikakunywa maji nikatapika, nikakunywa tena.

"Labda ni maji ya huku," mume wangu akasema aliporudi.

"Si maji. Mimi najua mwili wangu."

Asubuhi nikamfunga mtoto mgongoni nikashuka jikoni. Mpishi aliponiona hali yangu alishika mdomo. Nikamuuliza ugali ameupika na nini, neno kwa neno, akaninyooshea ndoo, akaninyooshea bakuli.

"Si nilikuambia ngano hapana?"

"Na sikukupea ngano, mayi. Ulikula chapati? Ulikula mandazi? Hii si chakula. Hii ni ya kushika ugali peke yake." Akaninyooshea tena lile bakuli. "Wimbi bila muhogo inavunjika. Muhogo nilituma soko ya Chwele ikakosa. Sasa wewe mgeni, na ni mzazi, nikupee ugali inavunjikavunjika mkononi? Utaenda kwenu useme nini? Ati Bungoma hatujui kupika?"

Nilimwelewa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Huku ugali unaovunjika mbele ya mgeni ni aibu inayofika kijijini kabla yako, na huyu mama alikuwa amenikinga na aibu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kwa heshima. Kama angekuwa peke yake, ningekaa chini nilie naye. Lakini ndipo msimamizi akaingia, akasikia, akatabasamu, akaniambia ni kidogo tu. Mengine mmesoma.

Tukifunga mizigo mume wangu akasema, "Wacha tu. Tutafika nyumbani utapona."

"Na mwenye atakuja nyuma yangu?"

"Mwenye gani? Ni wangapi wako na huo ugonjwa?"

"Mimi nilikuwa nao miaka yote na hakuna mtu alijua. Sasa niambie wewe, ni wangapi."

Alimchukua mtoto, akanishika kiwiko, tukaenda hadi ofisi ya afya ya umma. Mama aliyekuwa zamu alichukua kalamu.

"Chakula kilikuwa kimeoza?"

"Hapana."

"Mende? Nywele?"

"Hapana. Kilikuwa kitamu."

Akaweka kalamu chini. "Sasa unashtaki nini, dada?"

Nikamweleza, nimeketi, nikipumzika katikati ya maneno. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanigeuzia karatasi. "Andika wewe. Mimi nikiandika nitaharibu." Nikaandika jina la hoteli juu kabisa, kisha haya:

*Kwa Afisa wa Afya ya Umma. Malalamiko dhidi ya hoteli niliyoitaja hapo juu.*

*Mimi ni mama anayenyonyesha na nina ugonjwa wa siliaki. Nilipofika nilimweleza msimamizi, kisha mpishi, kwamba ngano inanidhuru hata ikiwa kidogo. Nilipewa ugali wa wimbi uliochanganywa na unga wa ngano, mara mbili. Nimeharisha na kutapika. Maziwa yangu yamekauka na mtoto wangu wa miezi mitano analia njaa ninapoandika haya.*

*Simshtaki mpishi. Aliweka ngano ili ugali ushike, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba ngano ya kushika ni ngano. Naomba asifutwe kazi. Namshtaki msimamizi, ambaye aliambiwa na hakumwambia mtu, na ambaye baada ya kuniona nikiwa mgonjwa alisema ni kidogo tu na kwamba mtoto apewe maziwa ya ng'ombe.*

*Naomba ofisi yako iende pale jikoni, na kwenye majiko mengine ya mji huu, iwaambie wapishi mambo mawili. Mgeni akisema hali kitu fulani, aambiwe kila kitu kilichoingia kwenye sufuria, hata kile kisichohesabiwa kuwa chakula. Na kama muhogo umekosekana, apewe ugali unaovunjika. Nitaula kwa kijiko.*