Jina la Mjomba Kwenye Fomu

Kazi ya ujenzi nilifundishwa na mjomba wangu, kaka yake mama, basi. Yeye hakuwahi kusoma zaidi ya chuo cha Kurani, lakini kutoka Mbegani mpaka Mkange hakuna aliyethubutu kuchimba msingi kabla hajaja na ubani wake, akasoma dua, ndipo akavuta kamba na kusimamisha kona. Fundi mvivu alikuwa hamwachi salama. Mimi mwenyewe nimebomolewa ukuta mara mbili mbele za watu, na nilistahili.

Nilipoamua kusajili kampuni ya ukandarasi, daraja la mwisho kabisa, nilimwambia tutakuwa wawili.

"Mimi nitahangaika na makaratasi," nikasema. "Wewe mjomba utakuwa mkuu wa ufundi."

Akacheka. "Haya. Uzeeni ndiyo napata cheo."

Nikajaza fomu kwa jina lake. Ikarudi. Mkuu wa ufundi lazima awe na cheti cha chuo kinachotambulika, watu wa bodi ya usajili walinieleza kwa upole, na sikuwa na la kubishana: nyumba ikiangukia watu, ataulizwa nani? Nikampata dada mmoja wa Dar mwenye stashahada ya ujenzi, akakubali. Nikalitoa jina la mjomba, nikaandika la yule dada.

Mjomba sikumwambia. Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kumsingizia. Kwetu habari ya kumshusha mkubwa huipeleki mwenyewe. Unamtuma mtu mzima mwenzake, tena kwa wakati wake. Nikangoja wakati mzuri. Haukuja, wakaja wakaguzi wa bodi.

Ofisi yetu ya Kerege ni chumba kimoja na stoo ya vifaa kwa nyuma. Asubuhi ile nilimkuta mjomba ameshafika, maana habari ya ukaguzi aliisikia kwa mafundi. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi na koti juu yake, amekaa kwenye kiti kilicho karibu na changu. Yule dada naye alikuwa amekaa upande wa pili wa meza.

"Shikamoo mzee," mkaguzi akamwamkia.

"Marahaba, baba. Karibuni."

Mkaguzi akafungua faili. "Mkuu wa ufundi ni nani hapa?"

Mjomba akajiweka sawa kwenye kiti, akafungua mdomo ajibu. Yule dada, ambaye hakujua lolote, akamtangulia. "Ni mimi," akasema, akatoa cheti chake.

Mkaguzi akamgeukia mjomba. "Na mzee wetu?"

 Ningeweza kusema huyu ni mwalimu wangu. Kuwa na mwalimu si kosa. Lakini niliogopa leseni isije ikanipotea kwa maswali, nikainamia meza kama mwizi. Mjomba alinitazama, wala si kwa muda mrefu.

"Mimi mlinzi," akasema. "Nalinda vifaa."

Akanyanyuka, akawafungulia stoo, akawaonyesha mashine ya zege, toroli na mbao, kila kitu mahali pake.

Leseni ilitoka. Nilikwenda kwake, nikapiga magoti, nikalia, nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, na naamini, maana si mtu wa maneno mawili. Nikamwomba aje anisimamishie kona za nyumba ya kwanza ya kampuni.

"Kona zina mwenye cheti," akasema. "Mimi nimewaambia watu wale kuwa ni mlinzi. Sitaki kumwendea Mola wangu na uongo niliousema kwa ajili yako."

Tangu hapo, kila siku baada ya sala ya alasiri, huja stoo, hukagua sepeto na toroli, hukaa mlangoni. Nimembembeleza, nimemtumia mpaka shehe wake. Hasikii. Nikitokea, mtu aliyenitia mwiko mkononi huinuka kunipisha.

"Karibu bosi," husema. "Vifaa vyote viko salama."