Siku Tulipoketi Benchi la Waombaji

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jipya na viatu vya kuazima, nikatembea kutoka Ilala hadi ofisi ya uraia, nyuma ya karakana za mtaa wa Gerezani. Wenzangu waliogopa kukosea kazi. Mimi niliogopa kuulizwa asili yangu, na kazi yenyewe ilikuwa hiyo hiyo ya kuwauliza watu asili yao.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii leo mna semina za hotelini na chai ya saa nne. Sisi, miaka ile ya Ujamaa, tulipewa meza, kalamu na Ndugu Mkufunzi. Tulifundishwa kuwahudumia watu wasio na uraia, yaani watu ambao hakuna serikali inayowakubali kuwa raia wake. Msidhani walikuwa viumbe wa ajabu. Walikuwa wenye maduka wa Kariakoo ambao babu zao walitoka Arabuni, na vibarua waliovuka Mto Ruvuma kuja kukata mkonge enzi za Mwingereza. Uhuru ulipokuja, aliyezaliwa hapa na mzazi wake mmoja naye kazaliwa hapa alikuwa raia bila kuomba. Ambaye wazazi wake wote walikuja kutoka nje alipewa muda wa kujiandikisha. Wengi muda huo uliwapita wakiwa shambani, hawana habari.

Baba yangu na marehemu mama walikuwa wa ng'ambo ya Ruvuma. Mimi nilizaliwa kambi ya mkonge, na hakuna aliyeniandikisha. Wakati wa kuomba kazi niliulizwa nilipozaliwa tu, nikajibu kweli. Lakini tangu udogoni baba alitufunza jibu la swali la pili: ukiulizwa wazazi wako ni wa wapi, sema Newala, upande huu wa mto, utaje na kijiji, utaje na jina la mzee fulani.

Ofisa Mkuu alikuwa mtu wa suti ya Kaunda na macho makali. Alitukaribisha kwa maneno machache. "Karani atakayemficha mgeni," alisema, "atapanda naye lori moja." Lori lile tulilijua sote. Lilikwenda kwenye kambi ya wakimbizi, kusini, na aliyepandishwa aliacha kazi, chumba na majirani.

Ndugu Mkufunzi alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha zaidi. Alitufundisha kuanza na mama na mkunga, kisha majirani, na mambo ya serikali mwishoni, maana mtu akisikia neno serikali kwanza, ulimi unakauka. Siku moja akasema, "Wanaotoka mkonge watawaambia Newala. Wote kijiji kimoja, wote mzee mmoja. Nyapara mmoja aliwakaririsha zamani ili wasirudishwe kwa Mreno, ng'ambo ya mto. Siku hizi hata mtu wa Newala kwelikweli anaponzwa na jibu hilo."

Wenzangu waliangua kicheko. Mimi niliinamia daftari nikajifanya naandika. Maneno niliyodhani ni siri ya nyumba yetu yalikuwa somo la darasa.

Sasa, palikuwa na zoezi ambalo kila mwanafunzi wa Mkufunzi alilipitia. Unaketi benchi la waombaji tangu ofisi inapofunguliwa, katikati ya waombaji wenyewe, bila maji, bila kusemeshwa na mwenzako, mpaka uitwe. Kisha mwenzako anakuhoji mbele ya darasa, nawe unajibu kuhusu asili yako mwenyewe. Zamu yangu ilipofika, aliyenihoji alikuwa Mtoro, mtoto wa Kariakoo, mcheshi asiyejua kunyamaza.

"Ndugu Paulina, karibu. Mama yako alizaliwa wapi?"

"Ng'ambo ya Ruvuma."

"Ah, dada'angu, acha utani, watu tuna njaa."

"Sitanii."

"Na mzee je?"

"Huko huko."

Kicheko kilimfia mdomoni. Akamtazama Mkufunzi, naye akasema, "Endelea."

"Kwa hiyo wewe ni raia wa nchi gani?"

"Sijui."

Msinipambe kwa ujasiri. Newala ingeninasa, na uongo mwingine sikuwa nao.

Mkufunzi hakunitetea, wala hakunigombeza. "Andika kwamba hajui," alimwambia Mtoro. "Usikisie ukamwandika Mreno. Ukimpa mtu nchi isiyomjua, ndiko atakakopelekwa."

Ofisa Mkuu aliniita kabla sijanywa maji. "Kisheria hukustahili hata kufagia hapa," alisema. "Leta maombi ya uraia, ubaki mezani mpaka jibu lije. Na baba yako naye alete. Jibu likiwa baya, lori unalijua."

"Ndiyo, mzee."

Jioni nilimkuta baba uani akikunja bati la ndoo. Nilipomweleza, nyundo ilimponyoka.

"Nani kakutuma?"

"Wanalijua jibu letu, baba. Wanalifundisha."

"Nimewaficha miaka yote hii, mwanangu. Umetuanika nje kwa asubuhi moja."

Alikuja hata hivyo, amevaa koti lake la kanisani. Ilikuwa mwiko kumhoji ndugu yako, kwa hiyo nilikaa meza ya pili, na Mtoro akamwamkia kwa adabu zote. Alianza na mama na mkunga, kama tulivyofundishwa. Kisha akamuuliza alipozaliwa. Baba alinitazama, akatazama sakafu.

"Newala," alisema, na akamtaja yule mzee.

Mtoro aliweka kalamu chini. "Baba, nikupe maji kidogo? Hatuna haraka."

"Nimesema Newala."

Nilitaka kupiga kelele. Mtoro aliokota kalamu akaandika alichosikia.

Maombi yangu yalikubaliwa baada ya kusubiri kwingi, nikawa raia wa tajnisi, ndio uraia wa kuomba na kupewa. Ya baba yaliwekwa kando kwa sababu maneno yake na yangu hayakulingana, na kurudi kusema upya alikataa katakata. Nilihamishiwa Kigoma, kisha Tanga, nikapanda cheo mpaka nikawa mkufunzi. Kila kituo niliogopa simu ya maandishi, telegramu, kutoka Dar, kwamba baba kapandishwa lori. Nikiwa likizo Ilala, lori likisimama mtaani tu, baba alikuwa akienda kujifungia chooni, mtu mzima mwenye wajukuu, na sisi tulijifanya hatukumwona.

Nimestaafu sasa, na vijana huniuliza kama woga huisha. Lori halikumchukua baba. Alikufa kitandani kwake, mzee kabisa. Makaburini nililia kama mtoto yeyote anayemzika babaye, na katikati ya kilio nikajikuta nashusha pumzi, maana hakuna ofisa tena ambaye angemuuliza.